Noti Iliyohesabiwa Kosa

Mutalemwa ameniandikia Jumanne asubuhi nikiwa natandaza kahawa. Hatujazungumza miaka minane. Kwanza aliandika kwenye kundi la simu la wanafunzi wa kozi ya walimu wa kwaya, kundi ambalo niliingizwa bila kuulizwa, kwamba Mwalimu Kaijage amefariki, atazikwa Jumamosi nyumbani kwake Kaagya, na kwamba familia inaomba kila aliyefundishwa naye aandike kumbukumbu ya kutia moyo, isomwe pale msibani. Kisha akaniandikia peke yangu: "Dada Koku, wewe hasa. Mwalimu alikupenda sana." Nikaiweka simu kwenye jamvi, nikaendelea kugeuza kahawa mpaka bega likauma. Binti yangu Kemilembe, ana miaka saba, akauliza nani amekufa. Nikamwambia mwalimu wangu. Akauliza mbona silii. Badala ya kumjibu nimekaa hapa Kanazi na daftari lake la shule, nyuma ambako hajafika, naandika. Kumbukumbu ninayo. Ya kutia moyo watafute kwa wengine.

Wazazi wangu siwaandiki hapa, wala baba wa mtoto. Hao hawakuwepo kwenye chumba cha darasa ninachokiandika. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza kidato cha nne mwaka uliotangulia, na usharika wangu ulinipeleka Bukoba mjini kusoma kozi ya mwaka mmoja. Tulikuwa sita: wanaume wanne, mimi na Asteria, aliyetoka upande wa Muleba na ambaye tulilala naye kwenye chumba kimoja chenye dirisha la mbao lisilofungika. Tangu wiki ya kwanza tulijua kinachogombewa. Usharika mmoja kule Ijumbi ulikuwa hauna mwalimu wa kwaya, na walikuwa wameandika barua kwamba atakayekuwa wa kwanza kwenye mtihani wa mwisho watamchukua. Kulikuwa na nyumba ya vyumba viwili, kinanda, na kwaya ya watu wazima arobaini waliokuwa wanangoja mtu wa kuwafundisha. Niliitaka kazi ile kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote. Nilishajua hata mahali nitakapoweka kitanda, na sikuwa nimewahi kufika Ijumbi.

Darasa letu lilikuwa nyuma ya kanisa, limepakana na stoo ya kahawa, hivyo kila nilichojifunza kuhusu muziki kinanukia magunia. Kulikuwa na ubao uliopasuka katikati, mabenchi matatu, na kinanda cha kukanyaga ambacho noti yake ya chini ya l, yaani la, ilikuwa imekufa. Ukiibonyeza inatoa pumzi tu. Mwalimu Kaijage alifundisha akiwa amesimama mlangoni, shati limefungwa mpaka kifungo cha shingo. Lazima niseme ukweli wote, hata ule usionifurahisha: alikuwa anajua kufundisha. Aliandika d, m, s ubaoni, yaani do, mi, so, moja juu ya nyingine, akasema, "Hii ni kodi ya kwanza, noti zinazolia pamoja. Hawa watatu ndio wenye nyumba." Halafu akaandika soprano inatoka d, inagusa r, inakwenda m, huku sauti nyingine hazijahama. "Huyu r si wa nyumba hii. Nani huyu?" Mtu akajibu mgeni. "Mgeni wa namna gani? Usiniambie mgeni, hata kipofu anamsikia kwamba ni mgeni. Uliza, amefikaje? Ameondokaje?" Hapo ndipo niliposhikwa. Miaka yote nilikuwa naimba kanisani, na kuna mahali mwili ulikuwa unanisisimka bila kujua sababu. Huyu mtu alikuwa ananiambia kwamba sababu ipo, ina jina, na unaweza kuizungushia duara kwa penseli.

Majina aliyatunga mwenyewe, kwa sababu vitabu alivyosomea yeye vilikuwa vya Kiingereza na alituona tunavyohangaika. Noti inayotoka hatua moja na kuendelea mbele hatua moja aliiita mpita njia. Inayotoka s ikapanda l ikarudi palepale kwenye s ni jirani, amechungulia tu. Inayowahi kufika kwenye kodi inayofuata wakati wenzake bado wapo kwenye ile ya zamani ni kiherehere. Inayodandia kutoka mbali ni mrukaji. Na ile inayobaki imeshikilia wakati wenzake wote wameshahama, ikagongana nao kidogo, ndipo ikashuka na kukaa, aliiita mchelewaji. "Huyu ndiye mtamu kuliko wote," alisema, akakanyaga kinanda: kodi ya s, t, r na f juu yake, kisha vidole vyote vikahamia d, m, s isipokuwa kile kilichokuwa kwenye f. Kikabaki. Kikauma. Kikashuka kwenye m. Akafanya hivyo mara nne bila kusema neno, na Asteria akaninong'oneza, "Mzee anajikuna pale panapowasha."

Tulikula kwenye kibanda cha jikoni, ndizi na maharage, siku nyingine ndizi na dagaa, Jumapili lubisi, pombe yetu ya ndizi, kwenye kikombe kimoja tunachopokezana. Majina ya noti tukayahamishia mezani. Mutalemwa alikuwa Kiherehere kwa sababu alikuwa ameshakaa na sahani kabla mpishi hajaipua. Yeye akaniita Mchelewaji, kwa vile kila siku nilibaki darasani nikifuta maduara yangu na kuchora upya. "Mchelewaji, maharage yamekwisha, tumekuachia mchuzi." Nikamjibu, "Kiherehere, wewe kula, ukishiba utafeli vizuri." Walicheka, naye alicheka. Alikuwa na sauti nzuri ya tena, ile ya juu ya kiume, na mwandiko mzuri, na Mwalimu alimpenda kwa huo mwandiko, kwa sababu kazi kubwa ya kwaya zetu ni kunakili. Wimbo mpya hauletwi na gari kutoka kiwandani. Mtu anautunga, anauandika kwenye daftari lake, mwingine anaazima anauandika kwenye lake, wa tatu anaazima kwa wa pili, na baada ya miaka ishirini wimbo umefika Muleba nzima kwa mikono ya watu, kila mkono na uchovu wake.

Mwezi wa tano kulikuwa na msiba Kaagya, na Mwalimu alitupeleka tukaimbe, iwe pia mazoezi. Wimbo ulikuwa wake mwenyewe, aliutunga akiwa kijana, na hakuna anayezikwa upande huu bila kuimbiwa. Tulisimama ukingoni mwa kibanja, shamba la migomba la wafiwa, na karatasi zetu. Nyuma yetu, kwenye majani yaliyotandazwa, walikaa kina bibi sita au saba wenye kanga begani, na wao waliuimba kwa kichwa. Tulipofika mwisho wa mstari wa pili, sisi alto tukashuka kwenye m pamoja na kila mtu, kama ilivyoandikwa. Kina bibi hawakushuka. Wakabaki kwenye f, mdomo wazi, pigo zima, halafu ndipo wakaja m. Ubeti wa pili hivyohivyo. Ubeti wa tatu hivyohivyo. Mutalemwa akauma mdomo asicheke. Njiani kurudi akawaiga, akivuta sauti kama mlango mbovu, na wenzangu wakafa kwa kicheko. Mimi sikucheka, kwa sababu mwili ulikuwa umesisimka pale pale, mara zote tatu.

Usiku sikulala vizuri, na asubuhi nilimkabili Mutalemwa jikoni. "Wale bibi hawakuchelewa," nikamwambia.

"Waitu, ndugu yangu, nilikuwepo. Walichelewa."

"Mtu mwenye uzembe anachelewa kila mahali. Wao wamechelewa mahali pamoja, wote, na wamefika pamoja. Hiyo f imetoka wapi? Ilikuwa kwenye kodi ya nyuma. Imeondokaje? Imeshuka hatua moja. Huyo ni mchelewaji, Mutalemwa. Wimbo umeandikwa vibaya."

"Umeandikwa na Mwalimu mwenyewe. Kwa mkono wake. Mimi nimenakili kwake."

"Basi mkono wake umekosea."

Asteria akasema, "Koku, kula ndizi zako." Kila mtu kwenye kibanda akaniangalia kama nimemtukana baba wa mtu. Lakini kosa lilikuwa dogo na nililiona waziwazi nilipoliandika kwenye majivu kwa kijiti. Katika maandishi yetu ya d, r, m, kistari maana yake ni shikilia sauti uliyonayo. Alto ilitakiwa iandikwe f, halafu kistari, halafu m. Kwenye karatasi zetu ilikuwa f, halafu m, halafu kistari. Mtu alikuwa amebadilisha nafasi za alama mbili, labda mvua inanyesha, labda taa inaishiwa mafuta, na kwa sababu hiyo kwaya zote zilizojifunza kwa karatasi zilikuwa zinaimba wimbo wenye afya na usio na uchungu wowote, na waliobaki na ule wa kweli ni vikongwe waliofundishwa kwa mdomo kabla karatasi hazijafika. Nilimpelekea Mwalimu. Hakutazama hata kijikaratasi changu. "Wazee wanavuta sauti, bojo," alisema kama anayembembeleza mtoto. "Andika ulichopewa."

Mwezi wa nane nilijua nina mimba. Sitaandika ilivyokuwa. Nitaandika kwamba nilifanya hesabu na kuona mtihani utakuja kabla ya mtoto, nikashukuru, nikalegeza vishikizo vya sketi. Katika usharika wetu msichana akipata mimba bila ndoa anatengwa: hapokei meza ya Bwana, haimbi kwaya, mpaka asimame mbele ya watu aungame, ndipo arudishwe kundini. Mwanamume naye anatengwa akijulikana, na kwa kawaida hajulikani. Nilizijua hizo taratibu. Nilifikiri mtihani ni kitu kingine, kwamba duara nililochora kwa penseli haliwezi kuwa na tumbo.

Mtihani ulifanyika wakati wa senene, wale panzi wa mwezi wa kumi na moja, mji mzima unanukia kukaanga. Mwalimu aliandika ubaoni wimbo wa sauti nne, sisi tunakili, tuzungushie kila noti ngeni na kuandika jina lake na namna ilivyofika na kuondoka. Wimbo ulikuwa ule ule wa Kaagya. Sijui kwa nini aliuchagua huo. Labda kiburi, labda uvivu. Nilifanya mpita njia wote, jirani wote, kiherehere wawili wa besi ambao najua Mutalemwa aliwapita bila kuwaona. Nilipofika mwisho wa mstari wa pili nikakaa, penseli mkononi, nikisikia wale bibi. Ningeweza kuruka. Ubaoni hapakuwa na noti ngeni mahali pale, kwa hiyo hapakuwa na alama ya kupata wala kupoteza. Nikaandika pembeni: "Hapa kistari kimewekwa baada ya m badala ya kabla yake. Alto ishikilie f. Ni mchelewaji." Nikaizungushia duara. Nikakabidhi karatasi nikiwa nimetulia kuliko siku yoyote ya mwaka ule.

Siku mbili baadaye, mchana, nilikuwa jikoni nanyonyoa senene mabawa na miguu kwenye ungo. Ukuta kati ya jikoni na ofisi ya Mwalimu ulikuwa wa mbao tu. Mchungaji aliyesimamia kozi alikuwa ndani, nikamtambua kwa kikohozi. Nikamsikia Mwalimu anasema, "Msichana huyu ameona kosa kwenye wimbo wangu ambalo mimi mwenyewe sijaliona miaka yote. Nimekwenda kufungua daftari la kwanza kabisa, la ujana wangu. Kistari kiko kabla ya m. Mimi ndiye nilikikosea nilipohamishia kwenye daftari jipya."

"Kwa hiyo?" Mchungaji akauliza.

"Kwa hiyo ni wa kwanza. Mutalemwa anamfuata kwa alama moja."

"Mwalimu, umemtazama huyo msichana siku hizi? Umemtazama tumboni?"

Nikasikia Mwalimu anapanga upya karatasi mezani, na Mchungaji akaendelea.

"Ijumbi tuwapelekee hivyo? Watatuambia nini? Mwaka kesho watatuma mtu tena?"

"Mbwenu, sasa nifanye nini, waitu? Karatasi ndiyo hii."

Mchungaji akakohoa. Kiti kikasogea. "Hiyo noti anayoisema, ubaoni ilikuwepo?"

"Haikuwepo. Ndiyo maana nasema—"

"Mwanafunzi akizungushia noti ambayo haipo, unampa nini?"

Senene mmoja alikuwa bado mzima kwenye ungo, anatembea bila mabawa, namtazama. Nilikuwa nangoja. Ninawaambia ninyi mnaotaka nitiwe moyo na nitie moyo: nilipokuwa nangoja hivyo nilimwamini Mwalimu Kaijage. Niliamini kabisa kwamba mtu aliyeibonyeza f ile mara nne mbele yetu na kusahau kama tupo hawezi kusema kitakachofuata. Akasema, "Nakata alama mbili."

Matokeo yalibandikwa mlangoni. Mutalemwa wa kwanza, mimi wa pili. Nilikwenda ofisini bila kupiga hodi. Karatasi yangu ilikuwa mezani, na kwenye duara langu kulikuwa na mkwaju wa kalamu nyekundu. Nikamwuliza, "Mwalimu, hii f ni kosa?"

"Kokugonza, mwanangu, kaa."

"Sikai. Hii f ni kosa?"

"Kuna mambo ya noti na kuna mambo ya kanisa."

"Nimeuliza la noti."

Akavua miwani. Alikuwa na macho ya mtu ambaye hajalala, na hilo halikunihusu. "Ungama," akasema, "Jumapili kabla ya Krismasi. Urudishwe. Ukishajifungua, mtoto akikua kidogo, nitakutafutia mahali. Wewe una sikio. Sijapata mwanafunzi mwenye sikio kama lako." Alisema hivyo na mkwaju mwekundu uko kati yetu. Kutoka pale nilimkuta Mutalemwa uani anafunga sanduku lake kwa kamba. Nikamwambia nilichosikia ukutani, neno kwa neno. Akaendelea kufunga. Mwisho akasema, "Hata mimi ningekuwa wa pili, dada, bado wasingekupeleka wewe." Inawezekana alisema kweli. Lakini sikumwuliza wangenipeleka au la. Nilitaka aseme nani alikuwa wa kwanza, na hakusema, na wiki iliyofuata alikuwa Ijumbi kwenye nyumba yangu.

Watu wananiambia hasira ya miaka minane inaharibu maziwa, inaharibu uso. Maziwa nilimnyonyesha Kemilembe miaka miwili na amekua. Ninachokijua ni kwamba nikiwa naosha vyombo, nikisikia kwaya redioni, bado naweka duara. Huyu mpita njia. Huyu jirani. Siwezi kuacha, kama vile mtu aliyejua kusoma hawezi kulitazama bango bila kulisoma. Alinipa hicho kitu, kisha akaninyima mahali pa kukitumia, na sasa natakiwa nimshukuru kwa nusu ya kwanza tu.

Jumapili ile kabla ya Krismasi nilikwenda kuungama, pale pale Bukoba. Nilivaa gauni la kijani la dada wa Asteria, lililokuwa pana. Kanisa lilijaa. Tulikuwa watatu wa kurudishwa: mzee mmoja wa pombe, mwanamke mmoja aliyekuwa ameolewa bila ndoa ya kanisa, na mimi. Mzee wa kanisa aliuliza swali lake kwa kila mmoja, kama naungama dhambi yangu mbele za Mungu na mbele ya watu hawa. Nikasema naungama. Nilimaanisha. Mchungaji akauliza kama naomba kurudishwa. Mwalimu Kaijage alikuwa kwenye kinanda, mgongo umenyooka, hatua kumi kutoka nilipo.

"Kabla sijaomba," nikasema, "nauliza. Kwenye mtihani nilikuwa wa ngapi?"

Watu walidhani hawajasikia vizuri. Mchungaji akainama, akasema kwa sauti ya chini, "Binti, hapa si mahali pake."

"Mimi nimeungama la kwangu hapa hapa. Mwalimu yule pale. Na yeye aungame lake, dakika moja tu, kisha tuombe wote."

Hakugeuka. Nilimwona shingo tu, na kola. Mama mmoja benchi la mbele akasema kwa Kihaya, si kwa ubaya, kwamba mimba inamsumbua huyu. Mchungaji akanyoosha mkono kuelekea kwenye kinanda, na Mwalimu wangu, aliyekuwa na sikio kuliko mtu yeyote Bukoba, ambaye hakuweza kusema hakusikia, akaweka miguu kwenye kanyagio na kuanza wimbo unaofuata. Kanisa zima likasimama na kuimba. Yule mzee na yule mwanamke wakarudi kwenye viti vyao wakiwa wamerudishwa. Mimi nilitoka kwa mlango wa pembeni katikati ya ubeti wa kwanza, na hakuna aliyenifuata isipokuwa Asteria, aliyekuja kuchukua gauni.

Mpaka leo sijarudishwa, maana sijapata jibu. Kwa hiyo, Mutalemwa, hii ndiyo kumbukumbu uliyoomba, na ni ndefu kuliko nafasi yenu. Jumamosi nitafika Kaagya. Nitabeba mkungu wa ndizi kama jirani yeyote, nitakaa na wanawake jikoni, nitamenya. Najua wewe ndiye unayeshika ratiba. Familia inataka mwanafunzi mmoja asimame aseme neno, na Asteria ameniambia umeshaandika jina langu kwa kalamu. Liache au lifute, ni juu yako. Lakini nikipewa kipaza sauti nitasema nani alikuwa wa kwanza mwaka ule, na wewe utakuwa umesimama mbele ya kwaya yako, na safari hii hakutakuwa na mtu kwenye kinanda.